Sahihi ya Mwalimu Draku

Enoch Draku alirudi Arua mwanzoni mwa mwaka 1971 na sanduku la spana, baada ya miaka kumi na miwili ya kutengeneza injini za ndege kule Nairobi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole vinne. Mke wake alikuwa amefariki, na mtoto hakumwachia. Akapewa kazi ya kuangalia uwanja mdogo wa ndege wa mji: kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi wasikatize njia ya kurukia ndege, kupandisha mlingotini mfuko wa kuonyesha upepo, na kuzikagua ndege ndogo kabla hazijaondoka. Ndege zenyewe hazikuzidi tatu kwa wiki. Siku nyingine alikaa peke yake kwenye kibanda cha mabati, akisikia bati likilia kwa jua.

Watoto ndio waliomtoa katika ukiwa ule. Walizoea kuja kuchungulia kwenye ua wa miiba kila waliposikia mngurumo, na mlinzi aliyekuwepo kabla yake alikuwa akiwatimua kwa fimbo. Draku aliwaita ndani. Jumamosi ya kwanza walikuja watano, wakasimama mbali kana kwamba injini iliyofunguliwa pale juu ya meza ni mnyama atakayeamka. Kufika mwisho wa mwaka walikuwa thelathini na zaidi, na mwalimu mkuu wa shule yao akampa ubao mweusi wa zamani uliopasuka pembeni.

Aliwafundisha kupima upepo, kusoma ramani, kutengeneza ndege za mabua ya mtama zilizorushwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Aliwaambia kwamba urubani si uchawi wa Wazungu, na ufundi si kazi ya watu waliofeli. Lakini kabla ya yote hayo aliwafundisha kitu kimoja, akakirudia mpaka wakawa wanakimalizia wenyewe.

"Ndege haianguki kwa sababu Mungu amekasirika," alikuwa akisema. "Inaanguka kwa sababu kuna mtu aliona kitu, akanyamaza. Fundi akitia sahihi yake kitabuni, amekula kiapo. Rubani anapanda juu na roho za watu kwa sababu ya maandishi yale, basi."

Wawili kati yao walimshika moyo. Wa kwanza ni Obeti, kijana wa kijiji cha Aroi, mtoto wa pekee wa mjane aliyeitwa Eyotaru. Obeti alikuwa mcheshi, mpenda mpira, ambaye angekosa chakula lakini asikose mechi ya timu ya mji. Shuleni alikuwa wa katikati tu. Ila alipopandishwa mara moja kwenye ndege ya kupeleka dawa, akazungushwa juu ya mji kwa dakika kumi, alishuka amenyamaza, na tangu siku hiyo hisabati ikamwingia.

Wa pili ni Medina, binti wa Kinubi kutoka Koboko, aliyeishi kwa shangazi yake katika mtaa wa Oli pale Arua ili asome. Huyo hakutamani kupanda juu. Alitaka kujua kilicho ndani. Alikuwa na miaka kumi na minne alipofungua kabureta na kuifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani, kisha akamuuliza Draku kwa nini pete moja ilikuwa imelika upande mmoja tu. Draku mwenyewe hakuwa ameiona.

Mwaka 1974 chuo cha urubani kule Soroti kilikuwa kikipokea vijana. Draku aliwaandikia wote wawili barua, kisha akapanda baiskeli kwenda kwa wazazi.

Koboko alifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Hawah, mama yake Medina, alimkaribisha kwenye mkeka barazani, akamletea chai yenye tangawizi, akaendelea kudarizi shuka huku akimsikiliza. Draku alipomaliza kusema, mwanamke yule alikata uzi kwa meno.

"Mwalimu, babu yangu alifika nchi hii na bunduki begani, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda," alisema. "Baba yangu vilevile. Mume wangu alipelekwa Burma akarudi na kifua kibovu. Sisi ni watu wa kupelekwa. Nilidhani wasichana wamesalimika."

"Mimi simpeleki, Mama Medina. Yeye ndiye anayetaka kwenda. Nimekuja kukuomba umfungulie mlango tu."

"Na wanaume wa huko watamheshimu?"

"Wengine hawatamheshimu. Lakini injini haijui mwanamke wala mwanamume. Akiitengeneza vizuri itawaka, na watanyamaza."

Hawah aliiweka shuka chini. "Ukinirudishia mwanangu mzima, nitakuombea dua," alisema. "La sivyo, tutakutana mbele ya Mungu."

Kule Aroi maneno yalikuwa machache zaidi. Eyotaru alikuwa akitwanga mtama uani. Aliacha mchi, akaifuta mikono kwenye nguo, akauliza swali moja tu: je, kitu kile hakitaanguka?

"Mama Obeti," Draku alijibu, "ndege iliyopita mikononi mwangu haijaanguka hata moja. Na mwanao nimemfundisha asipande ndege ambayo fundi hajaitilia sahihi."

"Basi nakushika wewe kwa maneno hayo," alisema Eyotaru, akaurudia mchi wake.

Wote wawili walifaulu. Obeti alitoka na beji ya rubani yenye mabawa ya shaba kifuani, Medina na cheti cha ufundi wa injini. Baada ya kuhangaika huku na huku, waliajiriwa na shirika dogo lililokuwa na ndege mbili za viti sita, za kuchukua barua, wagonjwa na wakubwa wa serikali, na mwaka 1977 Medina akahamishiwa Arua. Sasa Draku alikuwa na mkubwa wa kazi, na mkubwa huyo alikuwa mwanafunzi wake. Hakuna siku aliyoona haya kwa jambo hilo. Obeti alikuja na ndege karibu kila wiki, akapunga mabawa juu ya Aroi ili mama yake ajue, kisha akatua. Jumamosi alisimama mbele ya watoto akiwa amevaa sare, akawachekesha, na watoto wakaondoka wakitembea kwa kunyoosha mikono kama mabawa.

Lakini nje ya uwanja ule mambo yalikuwa yameharibika. Watu walichukuliwa majumbani kwao na askari wa serikali wasirudi. Vipuri havikuja tena. Medina alikuwa akiosha chujio moja mara tatu mara nne badala ya kulibadilisha. Kisha, mwishoni mwa 1978, vita vikaanza kule kusini, na ndege zikaacha kubeba barua. Zikabeba wanajeshi na masanduku yao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili mwaka 1979, saa nne asubuhi. Obeti alikuwa ametua jioni ya siku iliyotangulia na kusema injini ina sauti asiyoipenda. Medina alilifungua chujio la mafuta, akalikamua juu ya kitambaa cheupe. Akakipeleka kitambaa juani. Kilikuwa kinametameta.

"Mwalimu, njoo uone," alisema.

Draku alikuja. Hakuhitaji miwani. Zilikuwa chembe za chuma, nyembamba kama magamba ya samaki mdogo. Kitu kilikuwa kinasagika ndani ya injini. Huenda ingefika safari tatu, huenda isimalize moja.

"Hairuki hii," alisema Medina.

"Hairuki," Draku aliitika.

Walikuwa hawajakifunga hata kifuniko wakati Land Rover ilipoingia uwanjani na kusimama karibu na kibanda. Alishuka meja mmoja mnene mwenye macho mekundu, na askari watatu, na nyuma yao masanduku sita ya mbao. Meja alitaka kufika Entebbe kabla ya adhuhuri. Hakueleza sababu.

"Afande, ndege ni mbovu," Medina alimwambia. Akamwonyesha kitambaa.

Meja alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa nepi. "Hii uchafu kidogo tu. Jana ndege iko nzuri, leo inakuwa mbaya namna gani? Weka hizi sanduku ndani."

"Siwezi kuitilia sahihi, afande."

"Nani nasema habari ya sahihi? Rubani iko wapi?"

Obeti alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Afande, bila sahihi ya fundi siwezi kuruka," alisema. "Ndivyo nilivyofundishwa."

Draku aliyasikia maneno yale yakimpita kifuani kama maji baridi.

Meja hakupiga kelele. Alitoa bastola, akailaza mezani kando ya kitabu cha ndege, akaketi. Akawaambia askari wamtie yule msichana ndani ya gari, kwa sababu anaharibu ndege za serikali wakati wa vita, na kwamba wao wanajua pa kumpeleka. Askari mmoja akamshika Medina mkono. Kila mtu mle ndani alijua pale pa kumpeleka ni wapi. Hakuna aliyerudi kutoka huko kusimulia.

"Mzee," meja alimgeukia Draku, "wewe pia iko fundi. Nasikia wewe ndiyo mwalimu ya hawa wote. Ndege iko nzuri ama iko mbaya?"

Kupitia mlangoni Draku alimwona Medina, mguu mmoja tayari uko kwenye gari. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama yeye, akitikisa kichwa taratibu.

"Mwalimu, usiandike," alisema.

Draku alikivuta kitabu. Alijiambia kwamba injini nyingine zimewahi kufika na chuma zaidi ya kile. Alijiambia kwamba Entebbe si mbali. Alijiambia mambo mengi kwa muda wa kufungua kalamu. Akaandika jina lake lote, Enoch Draku, na tarehe.

Obeti alikuja mezani akasoma. Kisha akamtazama machoni, pale pale mbele ya meja.

"Mwalimu, umelikagua chujio?"

"Nimelikagua."

"Liko salama?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa mwisho, na Draku aliujua kuwa ni mlango. Bastola ilikuwa mezani. Medina alikuwa garini.

"Liko salama," alisema.

Obeti aliendelea kumtazama kidogo, kisha akavaa kofia yake. "Haya," alisema. Miaka yote iliyobaki Draku hakuacha kulipima lile neno "haya". Je, kijana aliamini? Au alijua kila kitu, na akachagua kumbeba mwalimu wake na Medina pamoja na masanduku yale?

Walimwachia Medina, wakapakia masanduku, na meja akapanda pamoja na Obeti. Ndege ilikimbia uwanjani, ikainuka kwa uzito, ikageukia kusini. Wote wawili walisimama wakiisikiliza mpaka sauti ikaisha. Baada ya chakula cha mchana mwendesha baiskeli mmoja alifika akihema, akasema ndege imeanguka kwenye mashamba ya mihogo mbele ya kijiji cha Logiri, inaungua, na hakuna aliyetoka.

Draku alingoja akamatwe. Alifua shati lake, akafunga spana zake kwenye sanduku, akakaa kwenye kibanda siku tatu akiwangoja watu wa uchunguzi. Kitabu cha ndege kiliungua na ndege, lakini nakala ya ukurasa ule ilikuwa pale, na alikuwa ameiweka wazi juu ya meza. Hakuna aliyekuja. Meja aliandikwa kuwa amekufa vitani, na kilichosalia katika masanduku yake kikaokotwa na wanajeshi wengine. Nchi ilikuwa inaungua, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini rubani mmoja kijana ameanguka mihogoni. Kukosa kuulizwa kulimlemea Draku kuliko pingu ambazo angefungwa.

Siku ya nne akaenda Aroi. Matanga yalikuwa bado hayajavunjwa. Watu walimpisha, wakamwekea kigoda, wakamwita mwalimu, na wanawake wakaanza kumlilia yeye kana kwamba yeye naye amefiwa na mwana. Hakukaa. Alipiga magoti mbele ya Eyotaru.

"Mama Obeti, mimi ndiye niliyeandika. Ndege ilikuwa mbovu na nilijua. Aliniuliza, nikamwambia iko salama."

Kilio kilikatika. Mjomba mmoja wa marehemu aliinuka na fimbo, lakini Eyotaru alinyoosha mkono, na mjomba akakaa. Draku alieleza yote, bastola na Land Rover na msichana. Hakuongeza wala hakupunguza. Eyotaru alisikiliza huku akichora ardhi kwa kidole.

"Kwa hiyo ulikuwa na watoto wawili mkononi, ukamtupa wangu," alisema Draku alipomaliza.

"Ndiyo."

"Yule binti aliomba umwokoe?"

"Hapana. Aliniambia nisiandike."

Eyotaru alivuta pumzi. "Unataka nikusamehe ili ulale. Mimi sina usingizi wa kukugawia, mwalimu." Akaufuta mchoro wake ardhini kwa kiganja. "Wale watoto bado wanakuja Jumamosi?"

"Bado."

"Waambie. Si nusu. Waambie kama ulivyoniambia mimi, na jina la mwanangu ulitaje. Kisha usirudi tena hapa."

Jumamosi walikuja wengi kuliko kawaida, kwa kuwa walitaka kusikia habari za Obeti. Draku alisimama mbele ya ubao na kuwaambia. Wakubwa kati yao waliinamisha vichwa. Msichana mmoja mdogo, Driciru, aliuliza kama afande angempiga risasi mwalimu kweli, na Draku akajibu kwamba hajui, na kwamba hilo ndilo linalomtesa, kwa maana hakusubiri kujua. Mvulana mwingine aliuliza yeye mwenyewe angepaswa kufanya nini kama angekuwa mahali pa mwalimu. Draku alishika chaki, akawageukia wote.

"Nimewavuta nyinyi kwenye kazi hii," alisema. "Nilikwenda kwa wazazi wenu nikawaahidi. Sasa mnajua ni kazi ya namna gani. Anayetaka kwenda nyumbani aende, na asione aibu. Na mimi sitawafundisha tena. Aliyesema maneno yale na kuyavunja hana haki ya kuyasema mara ya pili."

Aliweka chaki juu ya meza, akatoka. Medina alikuwa amesimama nje karibu na mlango. Alikuwa amesikia yote. Tangu ile Jumanne alizungumza na Draku mambo ya kazi tu. Alimpisha apite. Kisha aliingia ndani, na Draku, akiwa amekaa juu ya pipa tupu upande wa pili wa bati, akasikia sauti yake ikisema kwa utulivu kwamba leo watajifunza namna ya kusoma chujio la mafuta, kwamba chuma kina rangi yake na shaba ina rangi yake, na kwamba watapitisha kitambaa hiki mkono kwa mkono, kila mtu akiguse.

Jumamosi iliyofuata walirudi tisa. Medina aliwafundisha hao tisa mpaka mwezi wa tano.

Kisha wanajeshi walioshindwa wakaanza kumiminika Arua kutoka kusini, wenye silaha wasio na viatu, wakipora kila kilichobebeka. Nyuma yao ikaja habari kwamba washindi wanakaribia na wanalipiza kisasi kwa kila mtu wa West Nile, mkoa wa rais aliyepinduliwa, mwenye hatia na asiye na hatia. Nyumba za Wanubi ndizo zilizotajwa kwanza. Mji ulimwagika barabarani: magodoro vichwani, kuku kwenye vikapu, wazee kwenye mikokoteni.

Medina alitaka kwenda Koboko kumchukua mama yake. Draku alimwambia atamsindikiza kwa baiskeli. Medina hakukubali wala hakukataa. Walitembea siku mbili wakiisukuma baiskeli, kwa kuwa sanduku la spana lilifungwa nyuma na barabara ilijaa watu. Walimkuta Hawah ameketi barazani kwenye mkeka, mzigo mmoja kando yake, akingoja. Nyumba za jirani zilikuwa tupu.

Alimtazama binti yake kuanzia miguuni hadi utosini, akamkumbatia. Kisha akamtazama Draku. Habari zilikuwa zimemfikia zamani. Arua na Koboko ni mwendo wa siku mbili tu.

"Niliahidi kukuombea dua ukinirudishia mwanangu mzima," alisema. "Nimeomba. Na kila nikikuombea namkumbuka yule mama wa Aroi, maneno yananikwama."

"Usiombe tena, Mama Medina."

"Sitaacha," alisema Hawah. "Lakini ujue inanikwama."

Walivuka mpaka kuingia Kongo kesho yake asubuhi, katikati ya umati. Mahali pa kupumzika, wakati Hawah akinywa maji, Medina aliketi karibu na mwalimu wake kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

"Mwalimu, mimi niko hai kwa sababu ya jina lako kwenye karatasi ile," alisema. "Nimejaribu kukuchukia, siwezi. Nimejaribu kukushukuru, nayo siwezi. Sijui nifanye nini."

"Usifanye chochote," Draku alimwambia. "Tembea."

Chini ya turubai, karani mmoja Mkongo aliandika majina ya wakimbizi kwenye daftari. Kwa kila mtu aliuliza jina, kijiji, kazi. Hawah alisema anadarizi. Ikaja zamu ya Medina.

"Kazi?"

"Fundi wa ndege."

Karani aliinua kichwa, akatabasamu kwa uchovu. "Dada, huku hakuna ndege. Niandike mukulima, itakusaidia kupata shamba."

"Najua hakuna ndege," alisema Medina. "Andika fundi wa ndege."

Karani aliangalia foleni iliyofika hadi barabarani, akaona hakuna faida ya kubishana, akaandika. Kisha akamtazama Draku.

"Na wewe, muzee?"

"Mimi mkulima," alisema Draku.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa milima. Wakachukua mzigo wao na sanduku la spana, wakaenda kutafuta mahali pa kutandika mkeka kabla ya mvua.